Chini ya Ziwa Tanganyika kila samaki ana ploti yake

IWAPO nyumbani kwako mna tangi la samaki, msomaji mpenzi, au iwapo watoto wamekuganda kila Jumamosi uwanunulie, basi leo keti kitako tusafiri pamoja. Tunakwenda Kigoma, magharibi mwa Tanzania, mahali reli ya kutoka Dar es Salaam inapokomea na Ziwa Tanganyika linapoanza. Lakini safari yenyewe haikuanzia kituo cha basi. Ilianzia sebuleni mwangu, mtaani Buruburu, asubuhi moja binti yangu wa miaka tisa aliposimama mbele ya tangi akiwa amevaa sare ya shule na kuniuliza, "Mama, kwani wengine wameenda wapi?"

Wengine walikuwa wameliwa.

Fundi wa vioo alikuwa ametuundia tangi zuri, urefu wake sentimita 90, upana na kimo sentimita 45, likiwa na nafasi ya lita 180 hivi. Nikatandaza kokoto za buluu chini, nikajaza maji ya mfereji, nikaenda dukani. Binti yangu hakutaka wale samaki wa dhahabu wanaozunguka huko juu kama abiria waliokosa gari. Alipenda wa chini: wanaotambaa, wanaochimba, wanaojificha na kuchungulia. Muuzaji, ambaye sitamtaja, akanihakikishia, "Mama, hawa wa chini hawana maneno. Ni wafagiaji. Wachanganye tu."

Nami nikawachanganya. Nilichukua koridorasi wanne, wale samaki wadogo wa Amerika Kusini wenye madoa na masharubu mafupi. Nikaongeza wawili wa jamii ya perege, kwa kuwa walivutia macho. Halafu, kwa sababu binti yangu alimhurumia, tukachukua na kambare mmoja mchanga wa humu humu nchini, mnene kama kidole gumba.

Kambare! Mimi niliyekula kambare tangu utotoni nilipaswa kujua. Samaki yule akipewa nafasi hukua hata akapita urefu wa mita moja, na chochote kinachoenea mdomoni mwake ni chakula. Lakini kwanza balaa lilianzia kwingine. Wale wawili wa jamii ya perege walipigania pembe moja ya tangi siku nane mfululizo, na siku ya tisa mmoja akaelea juu, mapezi yamekuwa matambara. Koridorasi hupekua chakula kwa masharubu yao, na kokoto zangu zilikuwa na makali. Masharubu yakachakaa, wawili wakafa. Miezi mitatu haijaisha, kambare alikuwa amenenepa. Asubuhi ile ya sare ya shule alikuwa amelala peke yake katikati ya tangi, tumbo limemvimba kama mtu aliyetoka karamuni.

"Si ulisema wote wanakaa chini?" binti yangu aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Kambare tulimrudisha kwa mfugaji mmoja wa Kiambu mwenye bwawa. Tangi likafunikwa leso, na binti yangu akaniwekea sharti ambalo sikutarajia kwa mtoto wa umri wake: nisilete samaki mwingine hadi niende nikaone wanavyoishi kwao.

Basi nilipopata likizo, nikaenda.

KWAO NI WAPI?

Utaniuliza, kwa nini Kigoma na sisi tuna Kisumu yetu? Ni kwa sababu wengi wa samaki wa chini wanaosifika ulimwenguni kwa kufugwa majumbani, wale wanaopendwa na Wajerumani na Wamarekani, ni wa Ziwa Tanganyika. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa Bujumbura akiwasafirisha kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, na wengine wakafuata nyayo zake Tanzania na Zambia. Leo mtoto wa Berlin aweza kukutajia samaki wa Kigoma kwa majina yao ya kisayansi, ilhali wa Nairobi hajawahi kumwona hata mmoja.

Njiani sitakuchosha. Nilipanda basi la usiku, nikavuka mpaka pale Isebania, nikalala Mwanza, na kesho yake nikapanda basi jingine lililonitikisa mchana kutwa kupitia Kibondo na Kasulu. Kigoma nilifika viungo vyote vikiniuma. Asubuhi nilipofungua dirisha la nyumba ya wageni, nikasahau maumivu. Ziwa lilikuwa chini ya mji, la buluu kama wino, na ng'ambo yake milima ya Kongo ilionekana kama moshi. Wanawake walikuwa wakipita barabarani na madumu ya mawese. "Mwakeye!" wakasalimiana kwa Kiha, nami nikaitika kwa Kiswahili, wakacheka.

Watalii wengi huja hapa kwa mambo mawili. Huenda Ujiji, kilomita chache tu kutoka mjini, kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, au hupanda mashua kwenda Gombe kuwatazama sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Mimi Ujiji nilipita nikala ugali wa muhogo na migebuka, nikarudi. Sokwe sikuwaona. Nilikuwa na ahadi ya kutimiza, nayo ilikuwa chini ya maji.

Ziwa hili lina maajabu yake. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470. Ziwa Victoria letu, kwa ukubwa wake wote, kina chake hakizidi sana mita 80. Nchi nne zinagawana Tanganyika: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lakini usidhani kwamba samaki wameenea kote humo. Ukishuka kupita mita 200 hivi hewa ya oksijeni imekwisha na samaki hawawezi kuishi. Kwa hiyo, samaki wa chini hawana sakafu pana kama unavyofikiri. Wana ukanda mwembamba tu wa ukingoni, na katika ukanda huo ndimo wamebanana, zaidi ya aina 200 za jamii ya perege peke yake, jamii ambayo wanasayansi huiita siklidi. Karibu zote hazipatikani popote pengine duniani.

Hebu fikiria. Aina 200 na zaidi, ukingo mmoja, na hawajamalizana. Sebuleni mwangu aina tatu zilishindwa kuishi miezi mitatu.

MAWE, MCHANGA NA MAGAMBA

Kijana mmoja mwenye mtumbwi wa injini alikubali kunipeleka kusini mwa mji, kupita kijiji cha Katonga, penye ufuo wa mchanga uliokatwa na majabali. Alinikodishia miwani ya kupigia mbizi na mrija wa kuvutia pumzi. Kabla ya kuingia majini nilimwuliza habari ya kichocho na mamba, nawe pia uulize ukienda, kwa maana zipo sehemu za ziwa hili zenye vyote viwili. "Hapa pana mawimbi na hapana majani, dada," alisema. "Na mimi nipo."

Nikainamisha uso majini. Nakuambia kweli, nilidhani miwani ina kasoro. Maji yalikuwa mangavu hata nikaona kivuli changu chini kabisa, mbali sana, kama kwamba ninaning'inia hewani.

Mahali pa kwanza palikuwa karibu sana na nchi kavu, ambapo mawimbi hupiga juu ya mawe ya ukubwa wa viazi. Hapo niliona samaki wanaoruka badala ya kuogelea. Kichwa butu, mistari ya rangi ya mchanga ubavuni, madoa madogo ya buluu. Huyu anaitwa Eretmodus. Kibofu cha hewa kinachowasaidia samaki wengine kuelea ndani ya maji kwake kimepungua, kwa hiyo ni mzito, hushikilia jiwe, wimbi likipita anahama hadi jiwe jingine kwa kuruka, kama mtoto anayevuka matope kwa kukanyaga matofali. Hula ukoga wa mawe. Huishi wawili wawili, mume na mke, na mayai hulelewa mdomoni: mama huanza, kisha humkabidhi baba naye amalizie. Kina baba mnaosoma makala haya, mmesikia.

Nilitazama jozi moja muda mrefu. Eneo lao halikuwa kubwa kuliko mkeka. Jirani wa aina yao alipokanyaga mpaka, alifukuzwa papo hapo. Lakini samaki wa aina nyingine, mwembamba mwenye mistari mirefu, alipita kwenye ufa wa jiwe lile lile na hakuna aliyemjali. Chakula chake na nyumba yake vilikuwa tofauti, basi hakuwa jirani wa kugombania ukuta.

Tukasogea mbele kidogo. Mawe yakawa makubwa, yenye mapango, na humo wakaishi wale wembamba wenye mistari, Julidochromis, kila jozi na ufa wake. Halafu mawe yakaisha ghafla na mchanga mweupe ukaanza, umetapakaa magamba matupu ya konokono wakubwa. Konokono hawa hufa na magamba yao hukaa miaka mingi bila kuoza, kwa kuwa maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi za mawe. Nilidhani ni jaa. Kijana wangu akavuta pumzi, akazama mita tano hivi, akanyoosha kidole karibu na gamba moja lililozikwa kwenye mchanga, mdomo tu ndio umebaki wazi.

Samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole cha mtoto akatoka kama risasi na kumwuma!

Kijana alipanda juu akicheka. "Huyo ndiye mwenye nyumba," alisema.

Huyu wanasayansi humwita Lamprologus ocellatus. Gamba ni chumba chake, ghala lake na hospitali yake ya uzazi. Hulizika kwa kupulizia mchanga hata lisionekane, kisha hukaa mlangoni. Dume humiliki kiwanja, na ndani ya kiwanja hicho kila jike ana gamba lake peke yake. Majike hawapendani, lakini kila mmoja akiwa na mlango wake, maisha yanaendelea. Ninyi mliokulia kwenye ploti za vyumba kumi na bomba moja mnaelewa ninachosema. Upande wa Zambia, kusini kabisa mwa ziwa, yuko binamu yake mwenye mistari, Neolamprologus multifasciatus, ambaye ni miongoni mwa siklidi wadogo kuliko wote duniani. Jike hufikia sentimita tatu tu. Huyo huishi kijiji kizima pamoja, gamba kwa gamba. Na yuko mwingine tena, Lamprologus callipterus, ambaye dume lake kubwa hubeba magamba kwa mdomo na kuyarundika penye kiota chake ili majike waje, wakati mwingine akibeba na gamba lenye mwenyewe ndani. Hata huko chini pana wanyakuzi wa nyumba.

Kulipokaribia magharibi tulirudi penye majabali. Mchana sikuwa nimemwona ngogo hata mmoja. Sasa wakaanza kutoka chini ya mawe, weupe wenye madoa meusi mengi, masharubu mbele. Ngogo huyu, Synodontis multipunctatus, ana tabia ambayo ningeambiwa na mtu nisingeamini, lakini wataalamu wameichunguza na kuiandika tangu mwaka 1986. Siklidi jike anayelea mayai mdomoni anapotaga, ngogo wawili hupita kwa kasi, wakala mayai kadhaa na kuacha yao. Yule mama kwa haraka huyazoa yote. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema, na vitoto vyake huanza kula mayai na watoto wa mwenye mdomo, humo humo kinywani. Mama analea kwa mapenzi yote, hajui.

Nilipokuwa naelea pale nilikumbuka maneno ya yule muuzaji. Hawa wa chini hawana maneno! Katika mita 50 za ufuo nilikuwa nimepita mitaa minne, kila mmoja na wenyeji wake, sheria zake na saa zake za kutoka. Wa mawe ya mawimbi hatambui mchanga. Wa gamba hatoki mbali na gamba. Wa usiku hampigi kikumbo wa mchana. "Chini" si mahali pamoja, na mimi nilikuwa nimetandaza kokoto za buluu ukuta hadi ukuta nikawaambia watu wa makabila yote lalaneni hapo.

CHUPA YA SODA

Tulipotia nanga, watoto watatu walikuwa wakinisubiri ufuoni. Mmoja wao, mkubwa kidogo kuliko binti yangu, alikuwa na chupa ya soda ya plastiki iliyokatwa shingo. Ndani mlikuwa na samaki wa magamba saba au wanane, wakihema. "Chukua mama, shilingi elfu tano tu. Kwa mtoto wako." Sijui nani alimwambia nina mtoto, pengine uso wangu ulisema.

Sitakudanganya kwamba niliwaza mambo makubwa wakati ule. Niliwaza uso wa binti yangu nikiingia mlangoni na chupa. Elfu tano za Tanzania si pesa nyingi. Lakini kuvusha samaki hai mpakani kunataka vibali vya nchi mbili, na mimi sikuwa na hata kimoja. Tena njia ya siku mbili ndani ya chupa ile wangekufa kabla ya Mwanza. Na hata wangefika, sisi wa Kenya tuna sababu ya kuogopa samaki wageni. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza fulu wa aina nyingi sana, aina nyingine zisionekane tena. Fulu nao ni siklidi, jamaa wa hawa hawa waliokuwa chupani. Ndiyo maana, na hili naomba ulishike, ukichoka na samaki wako usimmwage mtoni wala bwawani. Mrudishie aliyekuuzia.

Nilimpa kijana yule nauli ya mandazi, nikamwomba awarudishe pale pale penye magamba. Alikwenda akinung'unika. Hata sina hakika kama aliwamwaga penyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando alikuwa ametutazama muda wote. "Umefanya vyema, mwanangu," alisema, kisha akanyamaza, kisha akaongeza, "lakini si hao watoto wanaotumalizia." Akanionyesha kwa sindano mlima uliokuwa nyuma yetu, umelimwa hadi kileleni. Alipokuwa kijana, alisema, mvua ikinyesha maji ya pwani yalibaki maangavu. Sasa kila masika tope jekundu hushuka na kulala juu ya mawe. Wanasayansi wanasema hilo hilo: udongo unaoporomoka kwenye milima iliyokatwa miti hufunika mawe, huziba nyufa na kuzika magamba, na sehemu zilizofunikwa huwa na aina chache za samaki. Kumbuka ule ukanda mwembamba niliokueleza. Tope halina haja ya kujaza ziwa la mita 1,470. Likijaza ukingo tu, samaki hawa hawana pa kuhamia.

Mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili dagaa na migebuka wapumzike na kuzaana. Mzee alikubali kwamba dagaa waliongezeka kidogo baada ya hapo, ingawa miezi ile mitatu ilikuwa ya njaa nyumbani kwake. Lakini tope, alisema, halifungiwi miezi mitatu.

KURUDI SEBULENI

Nilirudi Nairobi na picha nyingi na mikono mitupu. Binti yangu alisikiliza yote, akachukua karatasi na penseli, akachora tangi likiwa limegawanywa. Hiyo ndiyo ramani tuliyoifuata.

Kokoto za buluu tulizitupa. Tukanunua mchanga laini wa mto, tukauosha ndoo kwa ndoo hadi maji yakatoka meupe. Kazi ya Jumamosi nzima, mgongo wangu ni shahidi. Upande wa kushoto tukapanga mawe, la chini kabisa likiwa limekaa juu ya kioo na si juu ya mchanga, kwa sababu samaki wachimbaji huweza kufukua na rundo likaporomoka na kuvunja tangi. Upande wa kulia tukaacha mchanga mtupu. Magamba ya Tanganyika hatukuwa nayo, lakini shangazi yangu wa Murang'a ana shamba la mboga lililojaa konokono, na magamba yao matupu yalitosha. Tuliyachemsha, tukachagua yenye mdomo mpana kiasi cha samaki kugeuka ndani asikwame. Tukaweka kumi, ijapokuwa tulikusudia samaki wanne tu wa magamba. Nyumba zizidi wapangaji, hilo nililijifunza Kigoma. Katikati tukaacha uwanja wa shubiri mbili usio wa mtu.

Maji yalinipa taabu zaidi. Maji ya mfereji ya Nairobi, yanayotoka Ndakaini milimani, ni laini, yanafaa koridorasi kuliko samaki wa Tanganyika waliozoea maji magumu yenye chumvichumvi. Kumbe hata bila kambare, wale wa kwanza na hawa wasingeweza kuishi tangi moja. Tulitumia mawe ya chokaa yaliyopondwa, tukayatia ndani ya chujio, tukapima maji kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi hadi yakatulia. Usije ukatia chokaa ya wajenzi, utawaunguza! Makombe ya baharini nayo usiyaokote kwenye hifadhi za pwani. Ni kosa kisheria. Klorini ya mfereji inaua, kwa hiyo maji huwekewa dawa ya kuiondoa kabla ya kumwagwa humo. Kifaa cha kupasha joto tuliweka nyuzi 26, maana usiku wa Julai wa Nairobi si wa Kigoma.

Kisha tukangoja wiki sita tangi likiwa tupu, chujio likiunguruma. Kila siku tulitia chembe chache za chakula zioze. Majirani walidhani nimerukwa na akili. Ukweli ni kwamba uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na ni bakteria wa chujioni wanaoigeuza isidhuru. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaana. Katika maji magumu ya aina ya Tanganyika amonia huwa kali maradufu, kwa hiyo asiyengoja atazika. Binti yangu alikuwa akiandika tarehe ukutani kama mfungwa.

Samaki wenyewe tuliwapata kwa mfugaji mmoja anayewazalisha mwenyewe nyumbani kwake, hawakuchotwa ziwani. Tulichukua ocellatus dume mmoja na majike watatu. Alitaka kunipa dume la pili kwa bei nafuu, nikamwambia fahali wawili hawakai zizi moja, hasa zizi la sentimita 90. Kwa upande wa mawe tukachukua jozi ya Julidochromis. Ngogo niliwatamani sana, lakini yule mwenye madoa hukua mkubwa, na usiku angewaokota watoto wa wenye magamba mmoja mmoja. Tangi letu si lake. Eretmodus nao wanataka nafasi na maji yanayopigwa sana. Labda siku moja, tukipata tangi refu zaidi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya vita vya mipaka. Dume la ocellatus lilivuka uwanja, likafukuzwa na wenye mawe, likarudi. Wenye mawe wakavuka, wakaumwa, wakarudi. Nililala vibaya, nikitarajia maiti. Siku ya tatu kila mmoja alikuwa ameujua ukuta wake, na mchana kutwa hawakugusana. Magamba manne yalizikwa. Sita yalibaki juu, matupu.

Umeme ulipotea usiku wa wiki ya pili, saa saba nzima. Chujio likazima. Tuliamka kwa zamu, mimi, mume wangu na binti yangu, tukichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili hewa iingie, huku mshumaa umesimama juu ya televisheni. Tangu siku hiyo tuna pampu ndogo ya betri, na nakushauri uinunue kabla ya samaki.

Ilikuwa Alhamisi, miezi minne baadaye, basi la shule linapiga honi chini, na binti yangu hasikii. Amepiga magoti mbele ya tangi, sare imekunjamana, pua imegusa kioo. Kwenye mlango wa gamba la tatu kutoka kulia palikuwa na vitu vidogo kama punje za ufuta, vyenye macho. Alikuwa akivihesabu kwa kunong'ona, na kila akifika kumi na moja vinajificha, anaanza upya.

"Basi litakuacha," nilimwambia.

"Mama, ngoja. Bado sijamaliza."